Chema chajiuza kweli kwenye programu huria? Jibu kwa fundi wa Morogoro

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta na simu hapa Morogoro, nina diploma ya TEHAMA na lugha ya C nimejifundisha mwenyewe. Nimesikia kwamba Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo endeshi ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, hana ofisi wala vikao. Watu wa dunia nzima wanamtumia kazi kwa baruapepe, na kinachoangaliwa ni msimbo tu, si sura wala pasipoti. Nataka kujaribu. Rafiki yangu mmoja anasema nisijidanganye, wazungu hawampokei mtu wasiyemjua. Mwingine anasema hata nikipokelewa nitakuwa nazifanyia kampuni kubwa kibarua cha bure. Mimi naamini chema chajiuza. Nani yuko sahihi? Na nianzie wapi, nikiwa na laptopu ya RAM 4GB na bando la kuungaunga?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Rafiki zako wote wawili wana ukweli kiasi, na wewe unao kiasi, lakini hiyo imani yako ndiyo inayoweza kukukatisha tamaa mapema kuliko maneno yao, kwa hiyo naanza nayo. Kwenye Linux chema hakijiuzi. Kuna viraka, yaani mabadiliko ya msimbo ambayo mtu hutuma yaingizwe, vizuri kabisa vinavyokaa wiki kadhaa bila mtu kuvijibu, na kuna viraka vya kawaida tu vinavyopokelewa upesi kwa sababu aliyevituma anajulikana kuwa kazi yake ikiharibika haikimbii. Torvalds hajawahi kulificha hilo. Tatizo ni kwamba watu wameikariri sentensi yake moja ya mwaka 2000, aliyoiandika katikati ya mabishano ya kiufundi, kwamba maneno ni rahisi, mtu aonyeshe msimbo, wakaifanya katiba. Sentensi ile inamfukuza mpiga domo. Haimwahidi mwenye msimbo kwamba atapokelewa.

Tumtazame kwanza mtu mwenyewe, maana hadithi yake husimuliwa kwa kupunguzwa. Alizaliwa Helsinki, Finland, mwisho wa mwaka 1969, kwenye jamii ndogo ya Wafini ambao nyumbani wanazungumza Kiswidi. Kiingereza anachoiandikia dunia ni cha kujifunza, kama chako. Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21, aliwaandikia watumiaji wa mfumo mdogo ulioitwa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Kompyuta aliyoutengenezea, ya prosesa ya 386, aliinunua Januari mwaka uleule kwa kulipa kidogokidogo. Deni lenyewe hakulimaliza peke yake: watu waliokwisha kuanza kutumia Linux walichangishana kupitia intaneti, wakamlipia lililobaki.

Basi huyo rafiki wa kwanza mwambie kwamba hata mwenye mradi alikuwa hajulikani. Ila usiishie hapo kwa furaha. Torvalds alisoma kwenye nchi ambayo chuo kikuu hakimtozi mwanafunzi ada na serikali humpa posho, na chuo chake kilikuwa na intaneti wakati ambao nchi nyingi za kwetu hazikuwa nayo kabisa. Alikuwa hajulikani, lakini hakuwa akilala njaa. Wanaohubiri kwamba yeyote mwenye juhudi anaweza huiruka sehemu hii, nami huwa nawakumbusha.

Sasa kazi yenyewe inavyokwenda. Kerneli, yaani kile kiini kinachozungumza na vifaa vya kompyuta, leo ina mistari zaidi ya milioni 30. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na ndani yake huwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi yaliyoandikwa na watu zaidi ya elfu moja. Piga hesabu mwenyewe uone kama mtu mmoja anaweza kusoma yote hayo. Hasomi. Amewahi kueleza hadharani, bila kuona haya, kwamba hamwamini kila mtu. Anawaamini watu kumi au kumi na watano hivi anaowajua kazi yao, nao wana watu wao wanaowaamini, na hao wana wao, mpaka kufika kwako Morogoro.

Tuseme umerekebisha dereva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kadi ya WiFi. Kiraka chako hakiendi kwa Torvalds. Kinakwenda kwa mtunzaji wa dereva ile, yaani anayesimamia msimbo wake, kikivuka hapo kinaingia kwa mtunzaji wa mitandao isiyotumia waya, kisha kwa watunzaji wa mitandao yote, ndipo kinafika kwake kikiwa kimefungwa pamoja na mamia ya vingine. Yeye mlango wa mambo mapya huufungua wiki mbili tu baada ya kila toleo. Zikiisha, anatoa toleo la majaribio la kwanza, liitwalo rc1, na kuanzia hapo ni kurekebisha makosa peke yake, kila Jumapili toleo jingine la majaribio, mpaka la saba au la nane. Ukileta jambo jipya wiki ya tano, hata liwe zuri namna gani, litasubiri zamu ijayo. Vijana wengi husoma kusubirishwa huko kama dharau. Ni kalenda tu.

Kuaminiwa kwenyewe kunapatikana kama mkopo kwenye duka la Mangi. Siku ya kwanza unalipa taslimu hata ukiwa umevaa suti. Ukishanunua na kulipa mara nyingi, siku moja unaandikwa kwenye daftari bila kuulizwa mdhamini. Na kwa miaka ya karibuni daftari hilo limekuwa gumu zaidi kuliko nilipoanza mimi, kwa sababu ambazo huna budi kuzijua kabla ya kumlaumu mtu.

Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman, ambaye ni kama mkono wa kulia wa Torvalds, alipiga marufuku michango kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Watafiti wa pale walikuwa wamewatumia watunzaji viraka vyenye kasoro za makusudi ili kuona kama vitagundulika, bila kuwaomba ruhusa. Chuo kizima kikaingia lawamani kwa utafiti wa watu wachache.

La mwaka 2024 lilikuwa baya zaidi, ingawa halikuwa ndani ya kerneli. Kuna programu ndogo ya kukandamiza mafaili iitwayo xz, ambayo mifumo mingi ya Linux inaitegemea, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan. Alituma viraka vizuri, akajibu watu kwa upole, akasaidia kweli, zaidi ya miaka miwili, mpaka akapewa funguo za kutoa matoleo. Kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungempa njia ya kuingia kwenye seva zisizo na idadi. Aligunduliwa kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva yake kwa SSH, njia ya kuingia kutoka mbali, kunachelewa nusu sekunde hivi kuliko kawaida, akakataa kulipuuza. Nusu sekunde! Tangu hapo mgeni mwenye bidii ya ghafla na asiyejulikana anatazamwa mara mbili, awe wa Morogoro au wa Munich. Kwa hiyo ukiulizwa maswali mengi kuhusu kiraka cha mistari mitatu, usidhani ni rangi yako. Mara nyingi ni Jia Tan.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Nasema kuna mambo mengine yanayofanana nao, na ukiyachanganya utaondoka mapema. Ukweli ni kwamba waliomo humo ni Wahindi, Wachina, Wabrazili, Wajapani, Wajerumani, Wamarekani. Waafrika bado ni wachache, na uchache wetu una sababu zaidi ya moja. Lakini Ubuntu, ambayo nadhani ndiyo uliyonayo kwenye laptopu yako, ilianzishwa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na hakuna anayeifuta kwa ajili hiyo.

Kuhusu pasipoti, hapo Torvalds wa kwenye hadithi na Torvalds wa kazini wanaachana kidogo. Oktoba 2024 watunzaji kadhaa, karibu wote Warusi au wenye anwani za baruapepe za Urusi, waliondolewa kwenye faili la MAINTAINERS, lile linaloorodhesha nani anatunza nini. Sababu iliyotolewa ilikuwa kutii masharti ya kisheria, maana taasisi inayoibeba Linux, Linux Foundation, iko Marekani na vikwazo vya Marekani vinaigusa. Watu walilalamika sana. Torvalds hakurudi nyuma. Aliwajibu kwa ukali, akakumbusha kwamba yeye ni Mfini na anaijua historia ya nchi yake na Urusi. Unaweza kukubaliana naye au la. Mimi naona namna lilivyofanywa, kimyakimya na kwa maelezo ya mstari mmoja, haikuwa ya heshima kwa watu waliofanya kazi miaka mingi. Lakini somo kwako ni la vitendo: msimbo hauna mipaka, taasisi zinazoulea zina anwani, na anwani ina serikali. Mtanzania leo hagusiki na vikwazo hivyo. Jua tu kwamba vipo.

Na hilo la kutokuwa na vikao nalo lipunguze. Ni kweli kazi ya kila siku ni barua, na Torvalds anaipenda hali hiyo: kila mtu anajibu kwa saa zake, na kila kilichosemwa kinabaki kwenye kumbukumbu ambayo hata mgeni anaweza kuisoma. Anafanya kazi nyumbani kwake Oregon, na amesema mwenyewe kwamba si mtu wa watu. Hata hivyo watunzaji wakuu wamekuwa wakikutana ana kwa ana karibu kila mwaka tangu 2001, kwa mwaliko. Baada ya seva za kernel.org, zinazohifadhi msimbo wa kerneli, kuvamiwa mwaka 2011, uliwekwa pia utaratibu wa funguo za kidijitali ambazo wenzako wanazitia saini baada ya kuthibitisha wewe ni nani, na njia iliyozoeleka ya kuthibitisha ni kuonana. Mtu wa Ulaya anapanda treni. Mtu wa kwetu anaomba viza, anasubiri, na wakati mwingine anakataliwa baada ya kulipa. Kwa mtuma viraka wa kawaida hili halina uzito. Kwa anayetaka kupanda ngazi hadi kuwa mtunzaji linaanza kuuma. Sijasikia Torvalds akilizungumza kwa kina, na kwa mtu ambaye ana mengi ya kusema kuhusu ushirikiano, naona ni pengo.

Sasa rafiki wa pili, wa kibarua cha bure. Huyu ana hoja nzito kuliko wa kwanza, nami sitaki umjibu kirahisi.

Linux ya kwanza kabisa ilitoka na leseni aliyoiandika Torvalds mwenyewe, na ilikataza kuisambaza kwa pesa. Mwaka 1992 akaiacha, akachukua GPL, leseni iliyoandikwa na Richard Stallman. Stallman kwake uhuru wa programu ni suala la haki. Kuficha msimbo ni kumdhulumu mtumiaji. Torvalds haoni hivyo, na amelisema hilo mara nyingi kiasi cha kuwachosha wafuasi wa mwenzake. Kwake GPL ni mapatano ya nipe nikupe: mimi nakupa msimbo wangu, wewe ukiuboresha na kuusambaza unanipa maboresho yako. Na amewahi kueleza kwamba programu huria inafanya kazi vizuri pale kila anayechangia anachangia kwa faida yake mwenyewe. IBM inataka seva zake ziuzike, Intel inataka prosesa zake ziende vizuri, Google inataka Android, mwanafunzi anataka kujifunza. Hakuna anayehitaji kumpenda mwenzake. Kila mmoja anavuta kwake, na leseni inahakikisha kamba inabaki ya wote.

Nadhani Torvalds yuko sahihi zaidi ya nusu. Faida yake ni kwamba haombi mtu awe malaika, na ndiyo maana mradi haukufa watu walipochoka kujitolea. Taarifa za Linux Foundation za miaka ya 2010 zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kerneli inafanywa na watu wanaolipwa kuifanya. Torvalds mwenyewe analipwa na taasisi hiyo, si na kampuni moja, ili asiwe mtu wa mtu. Kwa hiyo ile picha ya maelfu ya watu wanaojitolea usiku kwa mapenzi tu, wakati makampuni yanavuna, kwa kerneli si sahihi. Kwa xz ilikuwa sahihi kabisa, na ukaona matokeo yake.

Mahali ambapo hoja ya Torvalds inapungua ni hapa: nipe nikupe inakwenda sawa kwa mwenye cha kutoa bila kulala njaa. Anayelipwa mshahara huko California akituma kiraka, ni saa zake za kazi. Wewe ukituma kiraka, umeacha simu ya mteja mezani. Hamchangii kitu kilekile hata kama mistari ni mitatu kwa mitatu. Mkono mtupu haulambwi, na mtu akikuambia changia miaka mitatu kwanza kazi zitakuja, muulize nani atalipa kodi ya fremu ya duka miaka hiyo mitatu.

Ndiyo maana nakushauri uweke kikomo. Jumapili, au saa mbili za usiku kwa wiki, si zaidi, mpaka uone kama inakulipa kwa namna yoyote: kwa elimu, kwa jina, au kwa pesa. Pesa zipo kwa njia chache za kueleweka. Kuna mpango wa Google uitwao Summer of Code, tangu 2005, ambao humlipa anayeanza afanye mradi wa programu huria akiwa nyumbani. Kiasi kinategemea nchi uliyopo na gharama zake za maisha, kwa hiyo Mtanzania hupata pungufu kuliko Mswisi kwa kazi ileile. Kuna Outreachy, unaolenga watu wa makundi yaliyoachwa nyuma kwenye teknolojia, ambao wenyewe umekuwa ukilipa kiwango kimoja popote ulipo. Mimi naona kiwango kimoja ndicho chenye heshima. Wa Google watakuambia pesa ile ukiwa Zürich haitoshi pango. Angalia masharti ya mwaka husika, maana hubadilika.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu wetu huisahau kwa sababu haina majina makubwa. Programu huria nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zinahitaji watu wa hapahapa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulizaliwa kwenye ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na wenzao wa Eldoret, Kenya. Wazo ni la 2004, na Eldoret ikaanza kuutumia 2006. DHIS2, ambayo wizara za afya za nchi nyingi hukusanyia takwimu, ikiwamo ya kwetu, inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwamo kwa miaka mingi. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya maeneo yanayofurika, ilifanywa na wanafunzi na wakazi wakitembea mitaani na kuingiza mifereji na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia. Kwenye miradi hiyo mtu wa hapa si mgeni anayebisha hodi. Ndiye anayejua kwa nini zahanati ya kijijini haikutuma takwimu za mwezi.

Tena si kila mradi una mfalme. Linux ina Torvalds na neno lake ni la mwisho. Apache, seva ya wavuti iliyoanza 1995 na kikundi cha watu wanane akiwemo Brian Behlendorf, haikuwa na mkubwa tangu mwanzo. Walituma kura kwa baruapepe, jumlisha moja kwa ndiyo, toa moja kwa hapana, na anayekataa mabadiliko ya msimbo lazima atoe sababu ya kiufundi inayosimama. Baadhi ya wachangiaji wake walifanya kazi pamoja muda mrefu kabla ya kuonana. Kama unajijua huwezi kuvumilia mtu mmoja kukukatalia, tafuta mradi wa namna hiyo.

Kuhusu kukataliwa: Torvalds alikuwa na ulimi mbaya. Barua zake za matusi kwa watunzaji wake zilisomwa dunia nzima kama burudani, na waliozitetea walisema ndiyo gharama ya ubora. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika, Kroah-Hartman akasimamia toleo la 4.19, na mradi ukapata kanuni za maadili. Alirudi mwezi uliofuata. Toka hapo ni mkali lakini hatukani kama zamani. Na ukumbuke aliowatukana walikuwa wakubwa wenzake. Mgeni kwa kawaida hujibiwa kwa ufupi tu. Ufupi huo kwetu sisi, tuliozoea kuulizana habari za nyumbani kabla ya shida, unasikika kama ugomvi. Barua isiyo na salamu, yenye mstari mmoja, "hii si sahihi, angalia kazi fulani", ni barua ya kawaida kabisa. Jibu kiufundi, tuma upya.

Haya, laptopu na bando. Hapa Torvalds alikusaidia bila kukujua. Mpaka 2005 kerneli ilitunzwa kwa BitKeeper, programu ya kuhifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo, ya kampuni iliyowapa watumie bure kwa masharti. Mwaka huo kampuni ikaondoa ruhusa hiyo, na Torvalds akaandika Git, programu ya kazi hiyohiyo, mwezi Aprili, ya kwanza ndani ya siku chache. Hakutaka seva moja ambayo kila mtu anaitegemea, kwa hiyo kila anayechukua nakala anapata historia yote na anaweza kufanya kazi bila mtandao: kutengeneza tawi, kurekebisha, kulinganisha, kurudi nyuma, vyote umeme ukiwa umekatika na bando limeisha. Unahitaji intaneti kuchukua na kutuma tu. (Julai mwaka huohuo alimkabidhi Git Mjapani Junio Hamano, anayeitunza mpaka leo. Kukabidhi mapema kwa mtu anayestahili, bila kung'ang'ania jina: hicho ndicho ninachokiheshimu kwake kuliko yote.)

Usichukue historia yote, ni GB kadhaa. Tumia git clone na --depth 1, upate hali ya leo peke yake, mamia ya MB, na fanya hivyo usiku kama mtandao wako una bando la usiku. Kabla ya kujenga kerneli endesha make localmodconfig, ili ijenge dereva za vifaa vilivyomo kwenye mashine yako tu badala ya maelfu usiyoyahitaji. RAM 4GB inatosha. Itachukua saa kadhaa, iache ikiwaka.

Cha kurekebisha usikitafute mbali. Umeniambia una C, lakini watu wenye C ni wengi. Ulichonacho wewe ambacho mtunzaji wa Munich hana ni meza yako: vidude vya WiFi vya Kariakoo visivyo na jina, kamera za bei nafuu, laptopu za mitumba ambazo kitufe cha sauti hakiitikii. Chomeka kidude kinachogoma kwenye Linux, andika lsusb. Utaona namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, kwa mfano 0bda ni Realtek, ya pili ni ya kifaa. Mara nyingi chipu ya ndani dereva yake ipo tayari, ila namba ya kifaa hicho haimo kwenye jedwali la dereva, kwa hiyo kerneli inakipita kama haikioni. Kiraka chake ni mstari mmoja wenye alama ya kujumlisha mbele, unaoongeza namba hiyo. Viraka vya namna hiyo hupokelewa kila toleo, na ni vigumu kukiandika na kukipima bila kuwa na kifaa mkononi.

Jenga, jaribu, unganisha na WiFi kweli, shusha faili, chomoa, chomeka tena. Kisha kwenye maelezo ya kiraka andika ulichofanya na ulivyopima, sentensi tatu za Kiingereza chepesi. Usimwachie akili mnemba ikuandikie aya tano za kupendeza. Watunzaji wamechoka nazo, na Daniel Stenberg wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani jinsi taarifa za usalama zilizotungwa na mashine zinavyomla muda. Chini weka Signed-off-by na jina lako. Mstari huo uliingia mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kushitaki ikidai msimbo wake umo ndani ya Linux. Kwa kuuweka unathibitisha una haki ya kutoa kazi hiyo. Pitisha kiraka kwenye checkpatch.pl, inayokagua mtindo wake, halafu get_maintainer.pl ikuambie nani apelekewe. Tuma kwa git send-email. Usibandike kwenye Gmail ya kwenye kivinjari, inabadilisha tabo kuwa nafasi na kiraka hakitabandikika, na barua yenye mapambo ya HTML inarudishwa kabla haijasomwa na mtu.

Ukiombwa marekebisho, toleo linalofuata liite v2, na chini ya vistari vitatu (---) vinavyofuata maelezo ueleze umebadilisha nini tangu lile la kwanza. Kimya kikizidi wiki mbili, na si zile wiki mbili za mlango kufunguliwa, kumbusha mara moja kwa upole. Na ukipata kidude cha pili kinachogoma, kitume kwa mtunzaji yuleyule.